Herufi Isiyolia

Mwenye sahani ya santuri alikuwa mzee mstaafu, mkali kidogo, na alitukaribisha kwa sharti moja: tunawe mikono kwanza, tena tukaushe sawasawa. Nilimpenda palepale.

Mnunuzi alikuwa rafiki yangu. Mimi nilikwenda kama macho ya ziada, maana yule bwana akishika jalada zuri, akili humruka. Mzee alikuwa amemwambia kwenye simu kwamba ana santuri ya Hank Mobley, mpiga saksafoni wa jazi, iliyotolewa na kampuni ya muziki ya Blue Note katika miaka ya 1960, na kwamba ni chapa ya kwanza, yaani nakala ya mchapo wa mwanzo kabisa. Hapo usingizi ukamhama mwenzangu. Blue Note ilianzishwa New York mwaka 1939, na chapa zake za mwanzo ni miongoni mwa santuri za jazi zinazogombewa zaidi minadani. Za Mobley ndizo balaa: baadhi ya zile za mwaka 1957 huuzwa kwa maelfu ya dola, ilhali mwenyewe alipokuwa hai hakusifiwa kiasi hicho.

Mzee aliichomoa sahani kwa mkono wake, kiganja ukingoni na vidole kwenye lebo, mifereji haiguswi. Tukaiinamisha chini ya taa. Mikwaruzo hujitokeza mwanga unapopita ubavuni. Ukimulika kutoka juu moja kwa moja, kila sahani inaonekana safi. Hii ilikuwa safi kweli. Kuzunguka tundu la katikati hapakuwa na ile michirizi inayoachwa na mtu anayepapasapapasa sahani akitafuta pa kuichomekea, na mimi mambo hayo huniambia habari za mwenye mali kuliko maneno yake. Jalada lilikuwa limechakaa kidogo mgongoni. Lebo ya buluu na nyeupe ilisomeka "New York USA", kama inavyotakiwa kwa toleo la wakati ule. Mwenzangu akaanza kutabasamu.

Nikaomba tochi. Baina ya mfereji wa mwisho na lebo kuna ukanda usio na muziki, na huko ndiko sahani husema ukweli wake, kwa kuwa lebo na jalada hubandikwa au kubadilishwa lakini kilichochorwa kwenye bamba la kuchapia hutokea katika kila nakala. Nikaona namba ya santuri. Nikaona mhuri wa VAN GELDER, yaani Rudy Van Gelder, fundi aliyerekodi na kuchonga sehemu kubwa ya kazi za Blue Note. Nikazungusha tena, polepole. Nikageuza upande wa pili.

Sikio halikuwepo.

Sikio ndivyo wakusanyaji wanavyoiita herufi P iliyoandikwa kwa mkato wa ajabu, alama ya kiwanda cha Plastylite kilichokuwa kikiichapia Blue Note sahani hadi mwaka 1966. Katikati ya miaka hiyo ya 1960 Blue Note ilinunuliwa na kampuni ya Liberty, kazi ya kuchapa ikahamia viwanda vingine. Lakini lebo za zamani zilikuwa zimebaki kwa wingi, nazo hazikutupwa. Ndiyo maana unaweza kukuta lebo sahihi, jalada sahihi, mhuri wa Van Gelder mahali pake, na bado sahani si chapa ya kwanza. Mzee hakutudanganya. Aliinunua ikiwa mpya dukani, ila miaka michache baadaye kuliko alivyodhani.

Tukatoka kibarazani kunong'onezana. Mwenzangu akasema mabamba mara nyingi yalikuwa yaleyale, kwa hiyo sauti ni ileile, na hilo ni kweli. Mimi nikamwambia hakuna mtu anayelipia sauti peke yake kwenye biashara hii. Albamu ya Beatles ya mwaka 1968 yenye jalada jeupe ilichapwa kwa mamilioni, lakini nakala namba 0000001, iliyokuwa ya Ringo Starr, iliuzwa mnadani mwaka 2015 kwa dola 790,000. Namba ile nayo haiimbi. Akanijibu kwamba mimi ningefaa kukusanya stempu. Tulibishana hivyo hadi mzee akatuita ndani.

"Mmeona kasoro gani, wanangu?"

Mwenzangu akaeleza yote, kwa adabu, akamalizia kwa kuomba apunguziwe nusu. Mzee hakujibu. Akaiweka sahani kwenye kinanda, akaifuta vumbi kwa brashi, akashusha sindano. Tukasikiliza upande mzima bila mtu kufungua mdomo. Na lazima niseme, ilikuwa inalia vizuri mno: ngoma karibu, saksafoni imejaa, chini yake kimya bila kukwaruza.

Sindano ilipoinuliwa akauliza, "Hiyo herufi mnayoitafuta ingelia wapi hapo?"

"Hailii, mzee."

"Basi mimi nauza muziki. Herufi mkatafute kwa mwenye nayo."

Mwenzangu akalipa bei ileile, hata senti moja hakupunguziwa, akaondoka akiwa ameikumbatia. Njia nzima nilimwambia kwamba amelipa bei ya Plastylite kwa sahani ya Liberty, na msimamo wangu ni huo hadi leo.