Waziri, Kamera na Mkono wa Jezi

Tangu Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, nimekuwa nikimfuatilia Thérèse Kayikwamba Wagner, Waziri wa Mambo ya Nje wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa makini ambayo kwa kawaida siwapi wanadiplomasia, kwani wengi wao huzungumza ili wasinukuliwe.

Yeye alizungumza ili anukuliwe. Tarehe 26 Januari, mbele ya Baraza la Usalama mjini New York, alisema kuingia kwa askari zaidi wa Rwanda katika ardhi ya nchi yake ni tangazo la vita. Kigali ilikana, kama ilivyokuwa ikikana siku zote, kwamba inawasaidia waasi, ikashikilia kuwa inajikinga dhidi ya FDLR, kundi la waasi wa Kihutu wa Rwanda walioko Kongo. Na mwenzake wa Rwanda, Olivier Nduhungirehe, ambaye naye si mtu wa kunyamaza, akawa anajibu mapigo katika mtandao wa X.

Lililonivutia zaidi, hata hivyo, ni barua. Mapema Februari waziri huyo aliziandikia klabu za Arsenal, Bayern Munich na Paris Saint-Germain, akizitaka ziachane na udhamini wa Visit Rwanda, kampeni ya utalii ya nchi hiyo. Maneno hayo mawili yalikuwa kwenye mkono wa jezi ya Arsenal tangu 2018, na shabiki aliyekuwa akiyaona kila wiki bila kuyatia maanani sasa alijikuta akiulizwa yana uhusiano gani na watu waliokuwa wakiikimbia Goma na magodoro kichwani. Asiyesoma azimio la Umoja wa Mataifa hata kwa kulipwa huisoma jezi. (Nakiri kwamba mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa mashabiki hao.)

Kelele zote hizo hazikumrudisha nyuma askari hata mmoja. Azimio 2773 la Baraza la Usalama, lililolitaka jeshi la Rwanda liache kuisaidia M23 na liondoke Kongo, lilipitishwa kwa kauli moja tarehe 21 Februari, wakati Bukavu, mji mwingine mkubwa wa mashariki, nayo ilikwisha kutekwa siku chache kabla.

Kisha ikaja Washington. Tarehe 27 Juni waziri yule yule alitia saini mkataba wa amani pamoja na Nduhungirehe, mbele ya Marco Rubio, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, huku M23 wenyewe wakiwa si sehemu ya mkataba huo. Nimeurudia mara kadhaa mstari unaohusu majeshi: unazungumzia kuangamizwa kwa FDLR na Rwanda kuondoa “hatua za kujihami”. Aliyesema tangazo la vita mwezi Januari aliweka jina lake chini ya maneno hayo miezi mitano baadaye. Naamini sauti yake ilichangia kuwavuta wapatanishi mezani, ila msamiati uliobaki kwenye karatasi, katika kipengele hicho kilichobeba uzito kuliko vyote, ni wa Kigali.