Jua la asubuhi baada ya zamu ya usiku

Leo nafikiria ile nusu saa baina ya mlango wa wodi na mlango wa nyumba. Watu hudhani muuguzi akishapiga zamu za usiku wiki mbili tatu, mwili utazoea. Hauzoei, na sababu kubwa ni jua. Ndani ya ubongo, juu ya pale mishipa ya fahamu ya macho inapopishana, kuna saa inayofuata mwanga. Zamu ikiisha, huku kwetu Unguja na Pemba kumeshakucha. Anapanda daladala, jua linamwingia machoni, na saa ile inapata habari kwamba siku imeanza. Melatonini, homoni ya usiku, inakatika. Anafika kwake kachoka na usingizi hauji.

Basi miwani myeusi ivaliwe tangu mlangoni. Isipokuwa kwa anayeendesha vespa yake: huyo usingizi ni hatari kuliko jua, bora apande gari.

Na kahawa. Mwili huchukua kama saa 5 kuondoa nusu ya kafeini, kwa hiyo kikombe cha saa 10 alfajiri nusu yake bado imo saa 3 asubuhi, wakati yeye anatafuta usingizi. Cha mwisho kiwe saa 6 usiku. Najua saa 9 hadi 11 ndizo ngumu, joto la mwili limeshuka na akili nzito. Hapo dozi ya dawa ya mgonjwa ihesabiwe na watu wawili, kila mmoja peke yake, kisha walinganishe.

Neno linaloniuma ni "mvivu", analoitwa mama aliyelala saa 5 mchana. Mwaka 2019 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka tena kazi ya usiku katika mambo ambayo huenda yakasababisha saratani. Usingizi ule si anasa. Chini ya mabati ni mfupi tayari: joto, umeme ukikatika feni inasimama, watoto wanarudi kutoka skuli, mgeni anapiga hodi. Dirisha lizibwe kwa kitenge kizito, simu ikae kwa mume, na bibi wa nyumba awapokee wageni barazani.

Akiamka kwa Adhuhuri, ajilaze tena kwa muda wa saa moja na nusu. Saa 10 alasiri mpaka Magharibi ni za watoto, na chakula kikuu kiliwe hapo pamoja nao, kwani usiku wa manane mwili huiondoa sukari katika damu polepole. Wodini ndizi moja na maji vinatosha.