Njia za Moto za Mufindi

Kilichotukusanya Mafinga kiangazi kile ni ramani ya OpenStreetMap, ile inayochorwa na watu wa kujitolea, iliyoionyesha Mufindi kama wilaya isiyo na barabara za vijijini. Mistari ilikuwepo, tena mingi. Wachoraji wa mbali walifuata picha za satelaiti, na kila palipoonekana vumbi wakabandika tagi (lebo inayosema kitu ni cha aina gani) ya highway=track. Tagi hiyo ni ya njia ya kuingilia shambani au msituni. Programu nyingi za kuelekeza magari huikwepa au huipa mwendo mdogo sana, kwa hiyo lori la mbao linazungushwa huku barabara fupi ipo na basi hupita kila siku.

Mezani tulikuwa wachoraji, dereva wa bodaboda na mfanyakazi wa msituni. Tulianza na kanuni moja: daraja la barabara hutokana na kazi yake, si sura yake. Inayounganisha kijiji na kijiji ni highway=unclassified, hata ikiwa tope tupu. Inayokusanya magari ya vijiji kadhaa kuyapeleka mji mdogo ni tertiary. Ile ya Dar es Salaam hadi Tunduma ni trunk, yaani barabara kuu. Hiyo haikuwa na mjadala. Track ikabakia kwa njia inayoishia kwenye miti au chai.

Sura ina tagi zake. Wengi hukimbilia surface=gravel, ambayo maana yake ni kokoto zenye ncha kama za kwenye reli. Barabara ya moramu iliyopitishwa greda na kushindiliwa ni compacted. Ya udongo mwekundu usioguswa ni ground. Kisha smoothness, yaani ulaini wa njia: bad kama gari dogo bado linajikokota, very_bad kama linatakiwa gari lililoinuka. Tuliandika hali ya sehemu kubwa ya mwaka, siyo ya wiki ya mvua kubwa.

Sao Hill, shamba la miti la Mufindi, ndiyo iliyotuchelewesha. Katikati ya misindano na milingoti kuna mikanda mipana iliyonyooka, na ukiitazama kwa juu inashawishi kuliko barabara zenyewe.

"Hiyo siyo barabara, kaka. Ni njia ya moto," alisema yule wa msituni, kidole kwenye kioo cha kompyuta.

Mkanda wa kuzuia moto huchorwa man_made=cutline pamoja na cutline=firebreak. Kama magari hupita humo, unaongeza mstari wa pili wa track. Na eneo lililovunwa libaki landuse=forest, kwa kuwa litapandwa tena; aliyelifanya nyasi alichora msimu, si matumizi ya ardhi.

Kosa sugu kuliko yote halionekani kwa macho: mistari miwili inakutana kwenye kioo bila kuwa na nodi (nukta ya mstari) ya pamoja. Kwa programu, hapo hakuna njiapanda. Kikaguzi cha JOSM, programu ya kuchorea ramani hii, hutoa onyo, lakini kila onyo lifunguliwe peke yake. Barabara inapovuka kijito, dawa ni daraja, au kalvati: kipande cha kijito kinawekwa tunnel=culvert na layer=-1, yaani kinapita chini ya barabara. Ukiunganisha tu kwa nodi, umechora kivuko cha kupita majini.

Vipande ambavyo hakuna mezani aliyewahi kuvipita vilipewa highway=road, yaani daraja halijajulikana, na fixme, tagi ya kuomba marekebisho, yenye swali fupi kwa mtu wa Mgololo atakayefika huko.