Kiambaza cha Shangazi

Masika ya 2017 Pemba tuliyapata kisawasawa. Skuli zilifungwa, na kabla Ramadhani haijaandama, kiambaza cha nyuma cha nyumba ya shangazi yangu, huko vilimani upande wa Mkoani, kikaanguka usiku. Alhamdulillahi, yeye na wajukuu walikuwa wamelala chumba cha mbele.

Nilipofika asubuhi paa lilikuwa bado liko juu. Asiyezijua nyumba zetu atashangaa, lakini nyumba ya miti na udongo hubebwa na nguzo. Udongo kazi yake kuziba tu. Maji ya kilimani yalikuwa yametuama nyuma ya nyumba, yakalainisha chini, udongo ukamwagika kama uji na fito zikabaki wazi. Nguzo mbili za pembeni mchwa walikuwa wamezimaliza zamani. Sijui zilikuwa zimesimama kwa nguvu gani.

Sheha, kiongozi wa serikali wa pale mtaani, alipita na daftari lake, na baadaye ukaja mchele na mablanketi. Mchele tuliula na dua tukawaombea waliouleta. Lakini shangazi alikuwa na shida ya boriti, na boriti nzuri ni za mikoko, ambayo huwezi kuikata hivi hivi bila ya kibali. Kwa hilo hakuna aliyemuuliza. Tukatafuta mivinje.

Kaka yangu aliyekuja kutoka Unguja alishikilia ijengwe ya matofali. Shangazi akamtazama. "Baba, hiyo saruji utaipandisha wewe kichwani?" Gari haifiki kule. Mazungumzo ya matofali yakaishia hapo.

Fundi alikuwa mzee mmoja wa mtaa wa pili, mtu wa maneno machache na matusi mengi. Alikataa kugusa nguzo mpaka tuinue msingi wa mawe ufike magotini, maana ukuta wa udongo huanza kufa miguuni. Ndipo tukasimamisha nguzo, tukawamba fito, tukafunga kamba, tukatomea vijiwe. Udongo mwekundu ulipokunywa maji, watoto wakaingia kuukanyaga wakipiga kelele. Fundi alikuwa akichota donge, analifinya, analitupa chini. Likipasuka, "Maji!" Likitandaa, anatutukana sote na kutaka udongo zaidi. Kukandika kwenyewe kulifanyika ndani ya Ramadhani, asubuhi mapema kabla jua halijawa kali, na majirani walikuja bila ya kuitwa.

Kilichotutia mashakani ni mfereji. Fundi alitaka uchimbwe juu ya nyumba ili maji yapite kando, na jirani wa chini akaja juu kwa hasira kwamba maji hayo yataingia kwenye mihogo yake. Alikuwa na haki. Wakabishana mpaka karibu na alasiri, wote wamefunga, koo zimewakauka. Mwisho jirani akalishika jembe mwenyewe, akauchora mstari anaoutaka hadi bondeni, nasi tukachimba kwa kuufuata. Ulipinda mara mbili kuikwepa mihogo.