Siku moja na mama yao wana wa Zebedayo

Saa kumi na nusu alfajiri navaa sweta, natia daftari kwenye mkoba na kupanda bodaboda kwenda Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, kando ya Ziwa Victoria. Kazi yangu ni kuandika riwaya za watu wa Biblia. Nikiwaambia watu hivyo, wengi hudhani nashinda dirishani nikingoja maono. Mwezi huu kila asubuhi nimekuwa nikingoja mashua za omena, wale samaki wadogo.

Riwaya niliyo nayo sasa inamhusu mwanamke ambaye Mathayo hamtaji jina. Anamwita tu mama yao wana wa Zebedayo. Wengi wetu tunamkumbuka kwa ile siku aliyomwendea Yesu kuwaombea wanawe wakae mmoja kuume na mwingine kushoto. Mimi nimeshikwa na siku iliyotangulia hiyo kwa mbali, asubuhi Yakobo na Yohana walipoitwa, wakaacha chombo, wakamwacha baba yao pia. Mathayo anaimaliza asubuhi hiyo kwa aya mbili. Hasemi mama yao alipata habari kwa nani, wala wakati huo alikuwa ameshika nini mkononi.

Hicho alichoshika ndicho kinachonitoa kitandani.

Saa kumi na moja na robo Dunga bado ni giza, na taa za mashua zinarudi moja moja. Ziwa la Galilaya lina urefu wa kilomita 21 hivi na upana wa 13. Ungelichukua lote ukaliweka ndani ya Ghuba ya Winam, hii pembe ya Ziwa Victoria tuliyo nayo, na nafasi ingebaki. Lakini wavuvi wa huko nao walifanya kazi usiku, wakarudi alfajiri na mikono iliyokufa ganzi, na mke aliyekuwa ufuoni aliweza kujua kwa jinsi mashua ilivyokaa majini kama kuna kitu au hakuna. Hilo la mashua sikulisoma popote. Nililiona hapa.

Yupo mzee mmoja, jaduong' wa miaka themanini na kitu, ambaye haendi tena majini ila hushona nyavu za wenzake. Nilimsimulia sura yangu ya kwanza: Zebedayo anafika nyumbani, anazirundika nyavu mbichi kando ya mlango, analala. Aliweka chini sindano yake ya mbao.

"Nyavu za uzi gani?"

"Kitani."

"Basi huyo mvuvi wako si mvuvi."

Akanieleza. Nailoni unaweza kuirundika ukaisahau. Nyavu za utotoni mwake, za baba yake, zilikuwa za uzi wa mimea, na kila asubuhi zilioshwa, zikaanikwa kwenye miti zikauke kabisa kabla mtu hajagusa chakula. Ukizilaza mbichi zinaanza kunuka, na baada ya siku chache unazivuta zinakatika mkononi. Alinipa wavu niushike, akanionyesha kidole gumba chake. Kina mfereji uliochimbwa na uzi, umekaa katikati ya kucha na kiungo, laini kama sehemu ya ndani ya kombe. Nilikipapasa. Kisha nikakaa kando kwenye jiwe nikaandika kurasa nne bila kuinua kichwa.

Nyavu za kitani zilifika ghuba yetu mwaka 1905, miaka minne tu baada ya reli kufika Kisumu. Kwa hiyo kwa miongo kadhaa wavuvi wa hapa walikuwa na kazi ileile ya asubuhi aliyokuwa nayo Zebedayo. Na Luka anapowakuta wavuvi wametoka chomboni wanaosha nyavu zao, siku zote nilidhani ni usafi tu. Kumbe walikuwa wanaokoa mali yao.

Kabla sijaondoka nilimuuliza mama mmoja anayeuza omena: wanao wawili wakiacha mashua leo asubuhi wakamfuata mwalimu wasiyemjua, utafanyaje? Hakunijibu mara moja. Alimalizia kujaza gorogoro, kopo lake la kupimia, akaisawazisha kwa kiganja.

"Kwanza nitauliza deni la injini analipa nani," akasema. "Kulia nitalia jioni, nyathina." Yaani, mwanangu.

Saa mbili hadi saa tano niko mezani. Nilimtoa Zebedayo nyavu za mlangoni. Nilitoa pia nyanya kwenye mchuzi wa samaki, maana nyanya zimetoka Amerika na zamani hizo hakuna mtu Galilaya aliyewahi kuiona hata moja. Nikambakizia mkate wa shayiri, zeituni, dengu na samaki wa chumvi. Katikati ya kazi jirani aligonga akaniomba nimpokelee mtungi wa gesi, "kwa kuwa wewe uko tu nyumbani." Niliupokea.

Saa tano na nusu stima ikapotea, na mzee wa kanisa akafika.

Nilikuwa nimempa sura tatu asome, kwa heshima, kwa sababu ndiye aliyenifundisha Biblia nikiwa mtoto. Alikuja nazo zimekunjwa ndani ya Biblia yake ya Union Version, zimejaa mistari ya kalamu nyekundu. Aliketi, akakubali chai, akaanza. Wapi imeandikwa kwamba mke wa Zebedayo alianika samaki? Wapi imeandikwa kwamba alikasirika? Je, sijasoma mwisho wa Ufunuo, onyo kwa mtu atakayeongeza neno?

Nilimjibu kwamba sijaongeza aya hata moja, kwamba jalada litasema riwaya. Nikamwambia mama huyu yupo Mathayo 20 akiomba, na yupo tena Mathayo 27 akitazama kwa mbali msalabani, na mtu anayetoka hapo hadi hapo lazima kuna njia aliyopita. Akatikisa kichwa. Akarudi kwenye ukurasa wa kwanza. Tulianza upya. Betri ya laptopu ilikuwa asilimia 31 na nilikuwa nimepanga kuitumia kwa sura ya nne. Niliitazama ikishuka huku nikimwongezea mzee chai.

Kisha akaingia kwenye lugha. "Kwa nini wanaongea kama watu wa soko la Kibuye? Hawa ni watakatifu."

Hapo nilisema kwa kirefu, kwa sababu hilo ndilo ninalolipigania zaidi katika kazi hii. Usiku wa kukamatwa kwa Yesu, watu wa Yerusalemu walimtambua Petro kwa usemi wake. Wagalilaya walikuwa na lafudhi, na mjini ilijulikana mara tu walipofungua kinywa. Sisi wa huku tunajua hali hiyo. Ukifika Mombasa ukasema sentensi mbili, mtu anakuuliza umetoka Kisumu lini. Nikiwapa wavuvi wa Kapernaumu Kiswahili cha mimbari, nitakuwa nimewanyang'anya kwao. Mzee alinyamaza muda mrefu. Sikujua kama amekubali au amechoka.

Ilikuwa imegonga saa nane alipofunua Marko. "Haya. Hapa umeandika Zebedayo na mkewe walibaki peke yao na chombo, wakakivuta wawili. Soma hapa."

Marko 1:20. Walimwacha baba yao Zebedayo chomboni pamoja na watu wa mshahara.

Nimeisoma aya hiyo tangu nikiwa Shule ya Jumapili. Lakini sura ile niliiandika nikiwa na Mathayo mezani, na Mathayo hawataji watu wa mshahara. Ukurasa mzima wa wazee wawili wakivuta chombo, ukurasa niliouandika kwa machozi, ulikuwa uongo. Nilimshukuru. Nilimsindikiza hadi barabarani, nikarudi nikalala chali sakafuni kwa sababu huko chini kulikuwa na ubaridi kidogo.

Mchana uliobaki ulikwenda kwa kijitabu cha mahubiri ninachomsahihishia mteja. Ndicho kinacholipa kodi ya nyumba. Sikumbuki nilikula saa ngapi.

Stima ilirudi gizani. Nilikuwa nimechoka mpaka machoni, lakini wale watu wa mshahara hawakunitoka. Mathayo hutaja dinari moja kuwa ujira wa kibarua wa siku nzima. Wana hawalipwi dinari, ila hawa waliobaki lazima walipwe, samaki wapatikane wasipatikane. Kumbe mama huyu hakubaki na upweke ule niliokuwa nimempa. Alibaki na hesabu. Jioni hiyo kuna wanaume watakaosimama mlangoni wakingoja haki yao, na wanawe walio na nguvu hawapo, na kulia, kama alivyoniambia yule mama wa omena, kutasubiri.

Nilikipima tena chombo chao. Mwaka 1986 ukame ulishusha maji ya Ziwa la Galilaya, na ndugu wawili wavuvi wakaona mashua ya kale kwenye tope: mita 8.2 kwa 2.3, ya karne ileile au karibu nayo, mbao zake zimetiwa viraka mara nyingi. Mita nane na kitu. Si chombo cha wazee wawili. Marko alikuwa amelijua hilo, na mzee wangu vilevile.

Nilifuta ukurasa wa machozi nikaanza upya. Mathayo anasema wana wale walikuwa wanatengeneza nyavu walipoitwa, maana yake waliziacha hazijaisha. Niliandika mama anafika ufuoni, vibarua wamesimama kando hawajui wafanye nini na mikono yao, Zebedayo hasemi. Wavu wa Yohana uko sakafuni mwa chombo, bado una maji, sindano imekwama kwenye fundo alilokuwa akilifunga. Mama anauliza vibarua wangapi watalipwa leo. Anaambiwa. Kisha anapanda chomboni, anaubeba ule wavu begani ukimlowesha mgongo, anaupeleka kwenye miti, na anauanika vizuri, pembe kwa pembe, akiiacha sindano pale pale ilipo.