Ngumi Tatu Juu ya Bahari

Meli yetu ya mizigo iling'oa nanga Las Palmas, karibu nyuzi 28 kaskazini ya ikweta, ikielekea Cape Town. Abiria wa meli ya mizigo hana kazi, nikaamua kuipima dunia kwa macho yangu, nione kama ni mviringo au bapa, bila picha za angani. Picha ni ushahidi wa mtu mwingine.

Meli tulizokutana nazo zilianza kuonekana sehemu ya juu, makasha yakafuata, ubavu mwisho kabisa. Zikienda zao, ubavu ndio uliotangulia kupotea. Nikazifuata kwa darubini, maana kama tatizo ni umbali tu, darubini ingeurudisha ubavu. Wapi! Ilikuza kilichobaki, maji yakawa yamekata palepale. Hata hivyo ushahidi huu siutukuzi sana: hewa juu ya bahari hupinda mwanga, na siku nyingine meli ya mbali huonekana ikielea juu ya upeo.

Machweo yalinifurahisha zaidi. Mwenzangu alibaki sitaha ya chini, mita kama 9 juu ya maji. Mimi nikapanda hadi mita 25 hivi, tukiwasiliana kwa redio. Aliposema "Limezama!", mimi bado niliona ukingo wake kwa sekunde kadhaa. Aliye chini huona maji hadi karibu kilomita 11, wa juu karibu 18. Mnahitajika wawili, jua halimngoji mtu apande ngazi.

Lakini iliyonishika hasa ni Nyota ya Kaskazini, ile inayokaa karibu juu ya ncha ya kaskazini ya dunia. Nyoosha mkono, kunja ngumi: upana wake ni takriban nyuzi 10. Las Palmas nyota ile ilikaa karibu ngumi tatu juu ya maji. Kila usiku ikawa chini zaidi, na nilipolinganisha na skrini ya meli inayoonyesha mahali tulipo, nikaona kila kilomita 1,100 za kwenda kusini zinakula ngumi moja, mwanzoni na baadaye vilevile. Hapo ndipo penye uzito. Juu ya dunia bapa, nyota unayoiacha nyuma ingeshuka haraka mwanzoni, kisha polepole, wala isingegusa maji kamwe. Hii ilishuka kwa hatua sawa, na tulipokaribia ikweta ikamezwa na ukungu wa upeo. Duara zima ni ngumi 36. Zidisha kwa 1,100, unapata kilomita 39,600. Mzunguko halisi kupitia ncha mbili ni karibu 40,000. Kwa ngumi, si haba!

Upande wa pili, kundi la nyota liitwalo Msalaba wa Kusini lilikuwa likipanda. Mwezi mchanga ukalala kama mtumbwi, na kusini zaidi madoa yake yakaonekana juu chini, kwa kuwa sisi ndio tuliogeuka.

Anayesafiri nchi kavu achague njia ya kaskazini–kusini. Ya mashariki–magharibi haiishushi nyota hii. Akiwa kusini ya ikweta, atumie jua la adhuhuri: fimbo wima, kivuli kipimwe siku moja katika miji miwili iliyo mbali. Eratosthenes, mwanazuoni wa Kigiriki, alitumia kivuli cha Alexandria, Misri, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, akapata pembe ya 1/50 ya duara, akauzidisha mara 50 umbali wa kutoka hapo hadi Syene (Aswan ya leo), ambako adhuhuri ya siku hiyo jua lilikuwa utosini.