Ampli Iliyovuma Mikindani

Mjomba wangu alikuwa akikodisha muziki Mtwara mjini, nami nilikuwa mbeba spika wake. Katika shughuli zote tulizopiga, naikumbuka zaidi harusi moja ya Mikindani, kwenye uwanja kati ya nyumba mbili za mawe zinazotazama ghuba. Korosho zilikuwa zimeuzwa, watu wana fedha, na mwenye shughuli alitaka taarabu ya kusikika hadi barabarani.

Tulipowasha tu, spika zikaanza kuvuma, mvumo mzito usiokatika hata mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti, ikishushwa hadi chini kabisa. Besi nayo ikigonga, sauti inakatika na taa ya ampli, mashine inayoipa sauti nguvu, inafifia.

Kaka wa bwana harusi, aliyekuwa amerudi kutoka ng'ambo, akatoa kwenye begi waya mnene wa umeme uliosukwa kama ukili. Akasema hiyo ndiyo dawa, waya wa aina ile huifanya sauti itoke tamu. Alisema kwa nia njema, na watu wakamwamini.

"Subiri, mwanangu," mjomba akamwambia. "Tuufuate umeme kwanza ulikotoka."

Tukaufuata. Mikisa ilikuwa imechomekwa nyumba ya bibi harusi, ampli imechomekwa kwa jirani ng'ambo ya uwanja. Kila nyumba na ethi yake, yaani waya wa kushusha umeme ardhini, na baina ya ethi mbili hakukosi tofauti ya volti. Tofauti hiyo ilikuwa imepata njia kwenye waya wa sauti uliounganisha mikisa na ampli, na umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikivuma.

Kijana mmoja alikwishashika koleo akate pini ya ethi kwenye plagi ya mikisa. Mjomba akamdaka mkono. Pini ile ndiyo inayoupeleka umeme ardhini waya wa moto ukigusa bodi la chuma. Ukiikata, mvumo unaweza kunyamaza kweli, lakini siku hitilafu ikitokea, njia ya umeme ni mwimbaji aliyeshika maiki. Sijawahi kumwona mjomba akiwa mkali kiasi kile, na mpaka leo nikikuta plagi haina pini ya juu siwashi kitu.

Tukahamishia vyote kwenye soketi moja. Mvumo ukaisha hapohapo.

Besi ilikuwa na lake. Plagi ya ampli ilikuwa ya moto mkononi. Ndani yake skrubu ya nyutro, waya wa kurudishia umeme, imelegea, waya umeungua mweusi, pini zimeota kutu ya kijani kwa chumvi ya bahari. Mjomba akazipiga msasa, akakata waya ulioungua, akamenya upya na kukaza. Kisha akapima: kwenye soketi volti 228, kwenye ampli besi ikigonga hazifiki 200. Ekstensheni yetu ilikuwa ndefu mita 50, ya waya wa milimita za mraba 0.75 tu. Kwenda na kurudi, shaba nyembamba namna hiyo ina ukinzani wa omu zaidi ya 2, kwa hiyo ampli ikivuta ampea 10 unapoteza volti zaidi ya 20 njiani. Ampli ya transfoma kama ile haina cha kufidia. Tukaazima ya milimita za mraba 2.5, na besi ikasimama.

Baadaye mjomba akamwita yule kaka, akamwomba ageuke mgongo, akawa anabadilisha waya: mara ule wa ng'ambo, mara wetu. Akashindwa kuutambua wake, na akalisema hilo mwenyewe mbele za watu. Nilimheshimu sana. Mjomba akamweleza kwamba kabla haujafika kwenye sauti, umeme unapita transfoma, unanyooshwa na dayodi, unatulizwa na kapasita. Na ule waya mzuri ni mita moja na nusu mwishoni mwa safari ndefu ya nyaya za kawaida za nguzoni na ukutani.

Yule kaka akaurudisha waya kwenye begi, akauliza duka la vifaa vya umeme liko wapi Mtwara mjini. Alitaka plagi mpya na waya wa 2.5 kwa ajili ya nyumba ya mama yake.